Shati la Ishirini na Mbili

Jumatatu, 16 Septemba 2013

Daftari hili lilikuwa la Mansour, la kuandikia zamu zake za kuendesha tramu. Nimemnyang'anya. Amenung'unika kidogo, kisha akaniachia na kalamu juu.

Nimelichukua kwa sababu ya Yolande, tunayepiga naye pasi meza kwa meza. Leo amechoka kunisikiliza, akanisema mbele ya wafanyakazi wote, kwa Kiswahili chake cha kwao:

"Hidaya, kila siku njo ile ile, inaniuma, inaniuma. Inauma saa gani? Inauma fasi gani, juu, chini? Wakati inaanza uko unafanya nini? Haujue. Bon, kamata daftari, andika. Kama umeandika, hakuna muntu atakubishia."

Haya, naandika. Na kwa kuwa huenda daktari ndiye atakayesoma, nianze kwa adabu. Nina miaka thelathini na moja. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, sasa naishi ughaibuni, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu bila lifti, na mume wangu Mansour, mama yake Bi Hawa, na binti yetu Aziza. Aziza alizaliwa Mei mwaka jana, salama salimini, kilo tatu na nusu. Tangu hapo nina maumivu chini ya kitovu, ndani kabisa, katikati ya nyonga, yanateremka mpaka mapajani. Hayachomi. Ni uzito, kana kwamba kuna kitu kinataka kudondoka.

Nimepigwa ultrasaundi mara tatu. Damu wamechukua, mkojo wamechukua. Jibu ni lile lile: hakuna kitu. Hospitali imenipa miadi ya mwisho, Alhamisi tarehe 28 Novemba. Wasipoona kitu wanafunga faili na kunipeleka kwa daktari wa mambo ya kichwa. Kichwa changu kizima, asante.

Jumanne, 17 Septemba

Shati la ishirini na mbili.

Sikujua nianze kupima na nini, nikahesabu mashati. Karakana yetu inapokea makapu ya nguo za watu wenye shughuli nyingi, sisi tunasimama saa saba kwa siku na pasi ya mvuke. Asubuhi mimi ni mzima kabisa, nacheka na kila mtu. Lilipofika shati la ishirini na mbili, la buluu, uzito ukaja.

Jumatano, 18 Septemba

Shati la ishirini na nne. Lakini yalikuwepo ya mikono mifupi.

Alhamisi, 19 Septemba

Ishirini na mbili tena. Nilimwonyesha Yolande daftari kama mtoto anayeonyesha alama za darasani. Kusema kweli nimefurahi. Ni upuuzi kufurahia maumivu, lakini mwaka mzima nimekuwa nikipigwa na kitu kisicho na saa wala kanuni. Kumbe kanuni kinayo.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekaa, nimelala, nimekula. Hakuna kitu. Kabisa.

Jumatatu, 30 Septemba

Ishirini na moja. Siku zangu za mwezi zinakaribia. Nimetia alama ya nyota, nione kama itajirudia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimegombana na mama mkwe, kimoyomoyo, kwa maana mama mkwe hagombwi kwa sauti.

Bi Hawa ana miaka sitini na moja na mgongo ulionyooka. Alipokuja kuishi nasi alileta masanduku mawili, moja la nguo na moja la dawa. Arobaini yangu aliisimamia mwenyewe: kukandwa kwa maji ya moto, tumbo kufungwa kanga, uji wa pilipili manga. Nisimdhulumu, alinitunza kama yai. Tatizo ni kwamba hajaacha. Leo ameanza kupanga miadi ya Novemba. Siku mbili kabla sitaenda kazini, nitalala. Asubuhi yenyewe nitakalia beseni la maji ya uvuguvugu na majani yake, nimeze vidonge viwili vya maumivu, nivae gauni la kijani, tuchukue teksi. Hivyo ndivyo tulivyofanya mara zote tatu.

Nikamwambia, mama, ni hospitali, si harusi. Akanijibu bila kuinua macho:

"Daktari ni mtu mkubwa, mwanangu. Humpelekei jasho."

Najua anachofikiri. Anafikiri mimi ni mvivu. Nikijilaza mchana ananiangalia kwa namna fulani, kisha anageuka.

Jumanne, 15 Oktoba. Idi

Idi njema kwangu mimi.

Nilisimama jikoni tangu alfajiri. Pilau, nyama, sambusa, wageni kumi na wanne kwenye sebule ya watu sita. Hakukuwa na shati la kuhesabu, lakini nadhani nilipita hamsini. Saa tisa mchana miguu ikakataa. Nikalala chali sakafuni, kati ya jiko na friji, nikapandisha miguu juu ya kiti. Kutoka sebuleni wageni waliona nyayo zangu tu. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama mwenye nyumba ameanguka.

Jambo moja nimelipima kwa saa ya ukutani: dakika kumi. Baada ya dakika kumi za miguu juu, uzito uliondoka, kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Nilitaka kumwita mtu nimweleze. Aliyekuja ni Mansour, na alikuwa na aibu.

Wageni walipoondoka akafunga mlango wa jikoni.

"Écoute, sikiliza, Hidaya. Daktari mara tatu, mashine mara tatu. Wote hawajui, mujuaji ni weye?"

"Ndiyo, ni miye. Mwili ni wangu."

"Bon. Labda ni mawazo. Hakuna aibu kuwa na mawazo. Lakini hii haiwezi kuendelea, kila siku nyumba nzima inazunguka tumbo lako."

Nikamwambia anipe Novemba. Akasema sawa, Novemba, na wakikosa tena, nisilitaje tena humu ndani. Nikakubali. Nilikubali kwa hasira, na sasa nimeshafungwa na neno langu. Nina wiki sita. Wasipoona kitu, itanibidi niumwe kimya maisha yangu yote mbele ya mtu ninayempenda.

Bi Hawa alikuwa palepale, anaosha sahani. Sahani moja aliiosha mara tatu.

Jumatano, 16 Oktoba

Shati la kumi na saba. Bado nimechoka na jana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Yolande ana habari. Binamu yake huko Laeken alikuwa na kesi ya goti, akaomba hospitali nakala ya faili lake lote.

"Dossier ni yako, haiko yao," akaniambia. "Unaandika barua moja tu, unaomba copie. Ni loi, ni sheria. Banapashwa kukupatia."

Tumeandika barua wakati wa chakula cha mchana, yeye anatamka Kifaransa, mimi naandika. Alitaka tuweke "salamu zetu za heshima kubwa" mara mbili. Nimeiposti. Nilitembea mpaka sanduku la posta kama mtu aliyetega mtego.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ishirini na moja, na nyota. Nyota imejirudia, basi siku za kabla ya hedhi ni mbaya zaidi. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Ishirini na mbili. Posta: tangazo la magodoro.

Ijumaa, 8 Novemba

Faili limefika.

Nililisoma kwenye ngazi, sikuweza kungoja mpaka juu. Kurasa kumi na tisa, na karibu zote ni tarakimu. Lakini mwanzo wa kila ziara daktari ameandika mistari miwili mitatu juu yangu, na mistari hiyo nimeisoma mpaka taa ya ngazi ikazimika. Naitafsiri kama ilivyo.

Ziara ya kwanza: "Mgonjwa anatabasamu. Anasema hajambo. Akipapaswa, hakuna maumivu." Ziara ya pili: "Hali nzuri. Amepumzika. Anasema hajambo. Hakuna maumivu leo." Ya tatu: "Hajambo. Maumivu hayaonekani kwenye uchunguzi. Je, ni mambo ya nafsi?"

Kwanza nilikasirika, nikawaita waongo. Kisha nikakumbuka. Kila mara daktari aliingia, akanipa mkono, akaniuliza hali. Na mimi nikajibu hivyo hivyo, njema, daktari, asante. Ningejibuje? Nimelelewa hivyo. Kwetu hata mwenye msiba anasema njema kwanza, ndipo anaketi, anapewa chai, anaeleza kilichomkuta. Lakini hospitalini hakuna chai. Kuna dakika kumi na tano, na wao huandika jibu la kwanza.

Na huko kupumzika. Mara tatu nimelala siku mbili, nimekalia maji ya uvuguvugu, nimemeza vidonge, nimepanda teksi, nimefika saa tatu asubuhi nikiwa mpya, nikaambiwa lala hapa, nikalala. Mashine ikapita juu ya tumbo la mwanamke asiyeumwa. Haikudanganya hata kidogo.

Nilimpigia Yolande nikiwa bado ngazini. Alicheka mpaka nikalazimika kusogeza simu mbali na sikio.

"Gari inapiga makelele mu njia, weye unaipeleka ku garage imezimwa, imebebwa juu ya camion. Alors fundi atasikia nini?"

Nimecheka pia, na kulia kidogo. Siku ishirini zimebaki na nimejua kosa liko wapi.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimejifanyia jaribio nyumbani. Nimeshusha meza ya pasi, nikakaa kitini, nikapiga pasi nguo zote za Aziza, mashuka na mashati manane ya Mansour. Kwa saa tatu nzima nimekaa. Hakuna kitu. Mansour akauliza kwa nini napiga pasi mashuka ambayo tayari yamepigwa. Nikamwambia asijali.

Jumanne, 12 Novemba

Kazini leo nimesimama tu dirishani, bila pasi, bila kuinua kitu, kwa muda wa saa mbili na nusu. Uzito ukaja. Basi si pasi. Si mikono wala mgongo. Ni kusimama.

Bosi alidhani nimegoma.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepiga simu hospitali, nikaomba miadi ihamishwe kutoka saa tatu asubuhi mpaka jioni. Karani akasema kila mtu anataka asubuhi, mimi nina shida gani. Nikamwambia asubuhi sina shida, ndiyo maana. Saa kumi na nusu, akasema.

Jumanne, 19 Novemba

Ishirini na mbili. Yolande ameandika hesabu zangu zote kwa Kifaransa kizuri kwenye ukurasa mmoja. Tarehe, mashati, nyota, dakika kumi za miguu juu. Nikiangalia ukurasa huo naona kama ni wa mtu mwenye akili sana.

Jumanne, 26 Novemba

Nimemwambia Bi Hawa. Nilichagua wakati amemaliza swala na Aziza amelala. Nikasema, mama, safari hii silali, sioshwi, simezi kidonge. Nitatoka kazini moja kwa moja, na jasho langu.

Akakunja mkeka wake wa swala.

"Utavuliwa nguo mbele ya watu wazima ukiwa unanuka mvuke wa pasi. Utamwaibisha mwanangu."

"Mwanao ndiye aliyesema ni mawazo."

Hilo lilinitoka kwa sauti, la kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu. Akainuka akaenda chumbani kwake. Chakula cha jioni tulikula mimi na Mansour na kelele za kijiko cha Aziza. Najuta namna nilivyosema. Nilichosema sikijutii.

Jumatano, 27 Novemba

Sijui niandikeje. Nianze na nilivyofika.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja, nikamkuta Bi Hawa amekaa mezani, na daftari hili liko mbele yake, wazi. Hakujaribu kulificha. Alikuwa amevaa miwani.

"Nimesoma," akasema. "Umeniandika vibaya mahali pengine, lakini si uongo."

Nikabaki nimesimama na koti langu.

"Kwako shati. Kwangu ilikuwa ndoo. Ndoo ya saba."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Kisha akaniambia yote, na ninaandika nilivyosikia. Baada ya kumzaa Mansour alikuwa akiteka maji bombani Buyenzi. Ndoo sita alikuwa mzima. Ya saba alikuwa anaiweka chini njiani na kwenda kulala, maji yanabaki palepale mpaka mtu ayaone. Uzito huohuo, mahali hapohapo, mpaka mapajani. Na mambo ya chumbani yakawa mateso, akawa anamkimbia baba yake Mansour, ndiyo maana Mansour hana ndugu. Wifi yake, dada wa mume, aliishi naye ua mmoja. Wifi huyo alimpa jina la Bi Kitanda, mtaa mzima ukalishika. Bi Hawa alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Lilikwisha lenyewe nilipokoma hedhi. Nikasema bas, limekufa. Sasa nakuona wewe unajilaza mchana, naona aibu yangu imekufuata. Nilitaka ufike kwa daktari ukiwa safi, wasikuone kama walivyoniona mimi."

Mwaka mzima nimedhani ananiona mvivu. Nilipiga magoti palepale, nikamlalia mapajani. Alinishika kichwa, akasema koti langu lina maji.

Kisha akasema kesho anakuja na mimi, na tutatembea kwa miguu.

Alhamisi, 28 Novemba

Mashati thelathini na moja. Yolande alinichagulia ya kitani, yale magumu yasiyoisha, na kila likipita anasema "encore," lingine tena. La ishirini na mbili lilipofika alisimamisha pasi yake, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Karakana nzima ikajua.

Saa tisa na nusu nikatoka. Bi Hawa alikuwa mlangoni na gauni lake la heshima na viatu vya kufunga. Tulipanda kilima polepole, yeye kashika mkoba wangu. Kila hatua ilikuwa mbaya na kila hatua nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naomba tu yasiniache. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na viti sita vitupu, nikasimama. Mwanamke mmoja akanionyesha kiti mara mbili. Bi Hawa akamwambia kwa Kiswahili, mwache.

Daktari ni yuleyule wa faili, mama mwenye nywele fupi. Akanipa mkono, akauliza hali. Nikamwambia: vibaya, daktari. Inaniuma sasa hivi, hapa, tangu saa sita na dakika ishirini. Nikampa ukurasa wa Yolande.

Alisoma wote. Akaurudia tena kuanzia juu. Akauliza nyota ni nini, nikamweleza. Akauliza dakika kumi, nikamweleza sakafu ya Idi. Kisha akasema kitu ambacho nilikuwa nakisubiri bila kujua: nisilale bado. Kwanza ataniangalia nikiwa nimesimama.

Akanipaka ile gel baridi, akapitisha kifaa chini ya tumbo langu huku nimeshika ukingo wa kitanda. Akaniambia nisukume kama ninayetaka kukohoa. Kwenye kioo cha mashine damu yangu ikawaka buluu na nyekundu, nyingi, inarudi chini. Akasema tena. Nikasukuma tena. Nilimsikia Bi Hawa nyuma yangu anavuta pumzi.

Ndipo akanilaza, akatazama tena, na zile rangi zikawa zinafifia mbele ya macho yetu sote watatu. Akanisimamisha, zikarudi.

Akavua glovu. Akasema, madame, siku zile tulikuchunguza ukiwa umelala, nami sikufikiria kukusimamisha. Nisamehe.

Nilikuwa nimeshika karatasi ya kujifutia, nikasahau kujifuta. Kuna kitu. Kipo. Kimeonekana na watu watatu.

Jumanne, 3 Desemba

Picha kubwa ya skana nayo imefanyika, na barua imekuja na jina. Varices pelviennes. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani. Ni mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye nyonga. Mimba iliipanua, vilango vyake vidogo vikalegea, na nikisimama damu inarudi chini na kujaa pale. Nikilala inaondoka. Si mawazo. Tarehe 16 Januari wataingiza mrija mwembamba kupitia mshipa, wazibe ile mibovu kwa ndani. Daktari amesema wengi hupata nafuu kubwa, si wote. Hilo nalibeba. Nimebeba makubwa zaidi bila jina.

Mansour aliisoma barua mara mbili, akiwa na sare yake ya tramu. Kisha akakaa.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuacha peke yako na hii."

Nikamwambia ndiyo, uliniacha. Akachukua kapu la nguo chafu akashuka nalo ngazi zote tatu, na mimi sikuligusa.

Mama yake bado hajamwambia ya kwake. Amesema kwanza ana jambo la kufanya.

Ijumaa, 13 Desemba

Bi Hawa ameomba miadi kwa daktari yuleyule. Nimemsindikiza kama mkalimani. Alikataa teksi, akakataa gauni la kubadilisha.

Daktari alimsikiliza yote, ndoo na miaka, akampima amesimama. Akatuonyesha: mishipa bado ni mipana, ingawa imetulia. Akaniambia nimweleze mama kwa upole kwamba kwa umri wake, na kwa kuwa hana maumivu tena, hakuna cha kutibu.

Nikatafsiri. Bi Hawa akatikisa kichwa.

"Mwambie sikuja kutibiwa. Nataka karatasi. Aandike jina langu, aandike jina la ugonjwa, aandike kwamba ni kweli."

Daktari alinitazama, nikamweleza juu ya wifi. Akavuta kibodi. Aliandika kwamba leo amemchunguza Bibi Hawa, kwamba mishipa ya nyonga imepanuka, na kwamba hilo linalingana na maumivu anayoyaeleza tangu kumzaa mwanawe mwaka 1975. Akapiga muhuri. Bi Hawa akaomba muhuri mwingine, ukapigwa.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. Mansour alikuwa mezani anamlisha Aziza. Bi Hawa akaniambia nimpigie wifi yake Bujumbura, niweke simu isikike na wote, nisome karatasi kwa Kiswahili. Nikasoma, neno kwa neno, mpaka tarehe. Mansour alikuwa ameshika kijiko hewani, hajui amtazame nani.

Kule Bujumbura kuku walisikika uani. Kisha sauti ya kizee ikasema:

"Yalaa, Hawa. Mbona hukusema?"

Bi Hawa aliinama karibu na simu ili asikike vizuri.

"Nilisema, wifi. Nilikuambia wewe wa kwanza."